Kundi Lisilopata Ujumbe

Komeo la mlango lilikwaruza mara moja, likanyamaza. Tryphena alilisikia akiwa bado na blanketi usoni. Alijua ni mumewe, Thadeus, na alijua analisukuma taratibu kwa kidole gumba, akilizuia lisigonge bati, ili yeye aendelee kulala. Katika ndoa yao yote mzee huyo hakuwahi kumwamsha mkewe kwa kelele. Hata viatu vyake vya mpira alivivalia nje.

"Mbona mapema hivi?" Tryphena aliuliza.

"Lala wewe. Naangalia pojo kidogo, nikirudi tutakunywa chai."

"Vaa koti."

"Nimevaa," akasema, na koti lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari.

Nje palikuwa na giza lile la mwisho, ambalo jogoo ameshaanza kulidharau. Tryphena alitega sikio kidogo, kama wanavyofanya wote pale. Hakusikia debe. Basi akageukia ukutani, akalala tena.

Inafaa kueleza habari ya debe. Kijiji chao, Makwasinyi, kiko chini ya mlima Kasigau, na mashamba ya mwisho yanapakana na nyika yenyewe. Mahindi yakianza kubeba na pojo zikianza kukauka, tembo huko nyikani hujua kabla hata mwenye shamba hajajua. Kwa hivyo kila shamba la pembeni lina dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ambamo mtu hukaa akilinda, na kila dungu lina debe lake. Anayesikia wa kwanza hupiga debe na kumwita jirani kwa jina. Jirani akiitikia, naye hupiga lake na kumwita wa mbele. Usipoitikiwa, huachi. Unaita mpaka uitikiwe, hata koo likauke. Hakuna mkutano uliowahi kukaa kupanga jambo hilo. Watu walizaliwa wakalikuta.

Upande wa mashariki wa kina Thadeus palikuwa na boma moja tu, la Ronald, ambaye wengi walimwita Baba Wendy. Mkewe alifanya kazi shamba la katani karibu na Voi na alirudi siku za mapumziko, kwa hivyo Ronald alilinda peke yake, na yeye na Thadeus walikuwa wakitaniana usiku kucha kuvuka ua.

"Baba Wendy! Debe lako linalia kama mbuzi aliyekosewa kuchinjwa!"

"Afadhali langu linalia, mzee! Lako linakohoa kama mwenyewe!"

Tryphena, ndani, alikuwa akicheka kimyakimya na kulala vizuri. Maneno hayo yalimwambia kwamba wote wawili wako macho.

Kisha akaja Branice. Huyu alikuwa binti wa Voi, aliyekulia Kaloleni, mtaa mmoja wa huko. Baba yake alitoka magharibi mwa nchi zamani kufanya kazi ya reli, akabaki. Alikuwa anasomea kompyuta chuo kikuu, shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu tembo. Alikuwa na visanduku vidogo vilivyofungwa kwenye miti upande wa nyika. Visanduku hivyo vilisikia mngurumo wa tembo, hata ule wa chini ambao sikio la mtu halipati, na papo hapo vikatuma ujumbe kwa simu. Alipovionyesha mara ya kwanza, mzee mmoja aligusa kisanduku kwa ncha ya kidole kama anayegusa kifaranga.

Watu walikusanyika darasani shuleni, wazee wakikalia madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Branice akaeleza. Boma nyingine zingekuwa kundi la kwanza, ambalo lingepata ujumbe. Nyingine zingekuwa kundi la pili, ambalo lisingepata, lingeishi kama zamani. Baada ya mavuno angelinganisha hasara za makundi hayo mawili, na hapo ndipo ingejulikana kama visanduku vinasaidia kweli. Kompyuta yenyewe ndiyo iliyogawa, bila kupendelea mtu.

Thadeus akainua mkono. "Sasa sisi wa kundi la pili kazi yetu ni kuliwa tu?"

Darasa zima lilicheka, na Branice pia. Kisha akasema kwa upole, "Hapana, baba. Bila nyinyi hatuwezi kujua chochote. Nyinyi ndio kipimo."

"Umesikia, Baba Wendy?" Thadeus akamgeukia jirani yake. "Wewe umechaguliwa na kompyuta kama mbunge. Lakini mimi ndimi kipimo."

Jambo moja Branice alilirudia mara kadhaa, kwa sababu walimu wake walikuwa wamemwonya juu yake. Aliwaambia watu wa kundi la kwanza wasiwatumie wenzao ujumbe huo, wala wasiwaambie umekuja, la sivyo matokeo yangechanganyika na kazi yote ingeharibika. Alizungumzia simu. Debe halikumjia akilini, kwa kuwa hakuwahi kulala Makwasinyi hata usiku mmoja. Ronald, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu aliyerudi njia ndefu kurudisha misumari aliyozidishiwa dukani, alisimama mbele ya wote akasema, "Nimeahidi."

Asubuhi ile ya komeo, Tryphena aliamshwa na ukelele wa Thadeus. Ulikuwa mmoja tu. Alipofika shambani kulikuwa kumeanza kupambazuka, pojo zimekanyagwa na tembo, na Ronald alikuwa ameshapiga magoti pale chini, amevua shati lake na kumfunika mzee kifuani na usoni. Alimzuia Tryphena kwa mikono miwili. "Usimwangalie hivi, Mama Sylus. Tafadhali. Ngoja kwanza." Alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini hakulichukua shati lake.

Matanga yalikuwa na watu wengi. Sylus, mwana wao, alifika kutoka Kaloleni siku hiyo hiyo. Branice naye alifika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alienda moja kwa moja jikoni, akajifunga leso kiunoni, akamenya viazi na kusugua masufuria pamoja na wanawake, na jioni mikono yake ilikuwa imevimba kwa majivu na maji baridi. Tryphena aliliona hilo, ingawa siku zile alikuwa haoni mengi.

Aliona pia kwamba Ronald alichimba kaburi karibu peke yake, akakataa kupokewa jembe, lakini hakuingia ndani ya nyumba hata mara moja. Chakula kilipoletwa, aliondoka. Tena usiku wote wa matanga hakuna aliyemsikia akipiga debe.

Watu walipotawanyika, Branice alibaki. Alikaa kwenye kigoda karibu na meko, Tryphena akimmiminia chai.

"Nyanya, nina kitu lazima nikuambie. Ukitaka kunifukuza baadaye, nitaenda."

"Kunywa kwanza. Hujala tangu asubuhi, nimekuona."

Branice hakunywa. "Visanduku viliwasikia. Tembo wale. Viliwasikia kabla mzee hajatoka nyumbani. Ujumbe ulienda."

Tryphena aliweka birika chini. "Ulienda wapi?"

"Kwa kundi la kwanza, upande huu wa mashariki."

Upande huu wa mashariki palikuwa na boma moja tu. Tryphena hakulitaja jina, na Branice hakulitaja, lakini lilikaa pale katikati yao kama mgeni wa tatu. Sasa alielewa kwa nini mtu aliyevua shati lake kumfunika mumewe hakuweza kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mjukuu wangu, mimi sikusoma sana. Huko kwenu kutafiti ni njia hii moja tu? Wengine waambiwe, wengine wasiambiwe?"

"Hapana, Nyanya. Ziko nyingi. Kuna ya kuwauliza watu na kuandika wanayosema. Kuna ya kukaa nao muda mrefu, kuona wanavyoishi. Kuna ile ambayo mnatengeneza kitu pamoja, mkiona kasoro mnarekebisha, mnajaribu tena."

"Na hukuzipenda?"

Branice alikunja leso vidoleni, akaikunjua. "Nilizipenda. Lakini hii ya makundi mawili ndiyo inayoaminika haraka. Ukileta namba, unasikizwa. Ukileta hadithi za watu, unaulizwa, ziko wapi namba. Nilitaka kuaminiwa, Nyanya, ili visanduku viwekwe kila mahali. Kamati ya chuo ilisoma mpango wote, ikapitisha. Iliuliza kama maswali yangu yataumiza mtu. Hakuna aliyeuliza wale wa kundi la pili wanajikinga vipi. Hata mimi sikuuliza. Nilidhani wanabaki kama walivyokuwa. Kumbe tuliwapunguzia kinga waliyokuwa nayo."

"Na katika kazi yako, mume wangu anaitwaje?"

"Haitwi jina. Ni namba. Majina yanakatazwa, kwa ajili ya kuwalinda watu."

"Kumlinda na nini sasa?"

Branice akainama, akalia bila sauti, mabega yakimpanda na kushuka. Tryphena alisogeza kikombe kikawa karibu na mkono wake, kisha akageuza kuni ili moshi usimwendee machoni. Aliuliza swali kweli, alitaka jibu.

Utafiti ulisimamishwa. Branice aliunganisha simu zote, za kundi la kwanza na la pili, na akapita boma kwa boma akisema mwenyewe kilichotokea, bila kujificha nyuma ya chuo. Wengine walimsikiliza, wengine walimfungia mlango. Mama mmoja alimtemea mate karibu na miguu. Alirudi siku iliyofuata kwenye boma lile lile, kwa sababu babu wa pale alikuwa hajaonyeshwa jinsi ya kufungua ujumbe.

Lakini simu haikutosha. Nyumbani kwa Tryphena mtandao ulishika ukisimama karibu na tangi la maji tu, ndani ukakatika. Tena simu huita mara moja na kunyamaza. Haijali kama umeamka. Sylus aliliona hilo.

"Mama, twende Kaloleni," alimwambia. "Nyumba ni ndogo, lakini tutaenea. Huku hakuna mtu wa kukuita."

"Baba yako yuko huku."

"Najua yuko huku. Ndiyo maana nakuambia. Sitaki kuja kuchimba lingine."

Walibishana kutwa, mama na mwana, kwa sauti za chini. Mwishowe Sylus akasema, "Sawa. Kama Baba Wendy atapiga debe kama zamani, baki. Nitakuletea unga kila mwisho wa mwezi na sitakusumbua. Lakini kama upande ule ni kimya, siwezi kukuacha, mama. Siwezi."

Basi Tryphena alijifunga kitambaa kichwani, akapita kwenye ua, akaenda kwa Ronald.

Alimkuta nyuma ya nyumba akitia mpini kwenye jembe. Mahindi yake yalikuwa yamelala chini, nusu yake yameliwa na nyani, na hakuwa ameokota hata hindi moja. Alipomwona aliinuka haraka, akafuta kigoda kwa kiganja, akakisukuma kwake. Yeye akabaki amesimama.

"Kaa, Baba Wendy. Shingo inaniuma kukuangalia juu."

Akakaa chini, kwenye vumbi.

"Unakula?"

"Nakula."

"Uongo. Suruali yako imefungwa kwa kamba ya mkonge kama gunia."

Ronald alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Kuku alipita, akachakura, akaenda zake.

"Umekuja kuniuliza," akasema Ronald.

"Sikuja kukuuliza. Lakini ukitaka kusema, nina muda."

Alisema akiangalia mpini. "Ujumbe ulikuja nikiwa kwenye dungu. Nikashika fimbo ya debe. Kisha nikakumbuka nimeahidi. Nikajiambia, Ronald, ukipiga sasa, unapiga kwa sababu ya simu. Bila simu usingejua. Hiyo ni kumwambia mtu wa kundi la pili. Lakini nikijisikilia mwenyewe, kwa masikio yangu, tawi likivunjika, basi hapo nitakuwa nimesikia kama zamani na nitapiga bila kuvunja neno langu. Nikashuka. Nikasimama pale mwisho wa shamba na fimbo mkononi, nikitega sikio. Upepo ulikuwa unaenda kwa tembo. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimesimama tu, Mama Sylus. Nilikuwa nangoja kusikia. Halafu nikamsikia yeye."

Tryphena alikuwa ameshika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili. Akilini alimwona mtu huyu gizani, akisimama na fimbo yake, akijaribu kuwa mwaminifu kwa wote wawili, mzee na Branice.

"Ungepiga tu," akasema, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita. "Ungepiga tu, Baba Wendy. Mungu angekusamehe kuvunja ahadi hiyo kabla debe halijanyamaza."

"Najua. Sasa najua."

"Sijui kama nimekusamehe. Nikitafuta ndani, hasira siioni, lakini sitaki kukuapia. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Sylus anataka kunipeleka Voi. Nami nataka kubaki na mzee wangu. Leo jua likizama, panda dungu upige debe, uniite. Hata kama hakuna tembo. Niite jina, nitaitikia. Sylus akisikia, ataniacha."

Ronald alitikisa kichwa kukubali. Alimsindikiza mpaka kwenye ua, akamwondolea mwiba uliokuwa umeshika leso yake.

Jioni Tryphena alisimama nje, Sylus pembeni yake amekunja mikono. Mlima ukawa mweusi. Waliona kivuli cha Ronald kikipanda ngazi ya dungu, polepole, kama mgonjwa. Waliona akiinua fimbo.

Haikushuka. Mkono ulikaa juu kwa muda, ukarudi chini, ukainuka tena. Walimwona anafungua mdomo. Tryphena, ambaye hakuwa ameitwa, aliita yeye. "Nasikia, Baba Wendy! Nipo! Piga!" Kivuli kilikaa chini ndani ya dungu, kichwa kati ya magoti, na upande wa mashariki ukabaki kimya mpaka giza likaufunika.

"Twende ndani, mama," akasema Sylus. Hakusema, nilikuambia. Alimshika mkono mahali ambapo njia ina mawe, na usiku huo akalala sakafuni karibu na kitanda chake.

Alfajiri ya kuondoka, pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Branice alikuwa amekuja kusaidia kufunga vyombo. Alifunika kila kikombe kwa gazeti kana kwamba ni yai. Alisema ameomba chuo kimruhusu kuanza upya kwa ile njia ya kukaa na watu. Chuo hakikuwa kimejibu.

"Wasipokubali?" Tryphena aliuliza.

"Sijui, Nyanya."

"Nami sijui. Lakini ukianza, anza na kulala huku."

Tryphena alienda kaburini peke yake. Alikaa pale mpaka dereva alipozima injini aliyokuwa ameiwasha. Aliporudi alimkuta Ronald getini. Tangu matanga hakuwa amefika hapo. Aliingia, akavuka kizingiti, akatoka na godoro begani, kisha kabati la vyombo, kisha kitanda, akavipanga kwenye pikapu kwa uangalifu, vya kuvunjika ndani, vigumu pembeni, na kufunga kamba kwa mafundo ambayo hata mashimo ya barabara ya kwenda Maungu yasingeyalegeza.

"Shamba litaota miiba," akasema Tryphena.

"Nitalifyeka. Na pale kwa mzee, mbuzi hawatapita."

"Nashukuru."

"Usinishukuru, Mama Sylus."

Alimshika kiwiko akampandisha mbele, akahakikisha leso yake haikubanwa na mlango, akaufunga. Dereva akaondoa gari taratibu. Ronald alitembea sambamba nalo, mkono juu ya dirisha, mpaka mahali ambapo shamba lake linaishia na gari lingeongeza mwendo. Mdomo wake ulikuwa unahangaika tena kama kule kwenye dungu. Safari hii sauti ilitoka, ndogo, imekwaruzika, ya mtu aliyesahau jinsi ya kuita.

"Mama Sylus! Uje tena. Hata kama sitakuwa na la kusema, uje tu unione."